Kuchagua kituo cha ubao wa theluji barani Ulaya kwa kundi lenye viwango tofauti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tunapoanza kutafuta kituo, tuangalie nini kwanza?

Watu wengi huanza na jumla ya kilomita za njia za kutelezea, kwa sababu ndiyo namba inayotangazwa kwa herufi kubwa kuliko zote. Kwa kundi lenye wanagenzi, watu wa kiwango cha kati na wakongwe, namba hiyo haisaidii sana. Anayevaa ubao kwa mara ya kwanza hatatumia hata kilomita kumi za njia katika siku zake za mwanzo, na mkongwe naye huridhika na mlima mmoja mzuri ukiwa na theluji ya kutosha. Kinachofaa kuangaliwa ni mambo matatu: mwanagenzi atapanda mlima kwa lifti ya aina gani, atashukia wapi, na wenzake wanaweza kumfikia bila kupoteza nusu ya siku njiani.

Chukueni ramani ya kituo mnachokifikiria, kisha mtafute mkahawa mmoja mlimani ambao mwanagenzi anaweza kuufikia kwa lifti au kwa njia nyepesi, na ambao mkongwe anaweza kuufikia kwa njia ngumu, wote wakakaa meza moja saa saba mchana. Mkiupata, kituo hicho kinastahili kuendelea kuchunguzwa. Mkiukosa, mtakuwa mmelipia safari mbili zinazolala nyumba moja.

Rangi za njia zina maana gani, na zinaaminika kiasi gani?

Nchini Ufaransa kuna rangi nne: kijani kwa wanaoanza, buluu kwa waliokwishajua kugeuka, nyekundu kwa wazoefu na nyeusi kwa mahiri. Austria, Uswisi na Italia kwa kawaida hutumia tatu tu, kuanzia buluu, na kwa hiyo buluu ya Austria inaweza kuwa rahisi sana au ngumu kiasi cha kumtia mtu hofu. Katika nchi hizo kipimo kinachotumika ni kwamba mwinuko wa njia ya buluu hauzidi asilimia 25 na wa nyekundu hauzidi asilimia 40, isipokuwa kwa vipande vifupi. Asilimia 25 maana yake ni kwamba kwa kila mita 100 unazosogea mbele kwa mlalo, unashuka mita 25.

Rangi hupima mwinuko wa ardhi, wala haijui hali ya siku. Njia ya buluu iliyoganda asubuhi huwa ngumu kuliko nyekundu yenye theluji laini, na njia ya buluu inayorudi kijijini saa kumi jioni, imejaa watu waliochoka na imechimbika, ndiyo mahali ambapo wanagenzi wengi hukata tamaa. Val d'Isère ya Ufaransa inajulikana kwa jambo hilo: baadhi ya njia zake za kijani na za buluu zinazoteremka kuelekea kijijini ni ngumu kuliko rangi zake zinavyoonyesha. Anayejua hilo hushuka kwa lifti mwisho wa siku, na hakuna aibu yoyote.

Kwa nini mwenye ubao achague kituo kwa vigezo tofauti na mwenye skii?

Kwa sababu mwenye skii, yaani anayeteleza kwa vibao viwili vyembamba, kimoja kwa kila mguu, ana fimbo mbili na miguu iliyo huru kila mmoja, ilhali mwenye ubao amefungwa miguu yote miwili kwenye kitu kimoja na mikono yake haina kitu cha kusukumia. Tofauti hiyo hujitokeza mahali pawili.

Pa kwanza ni sehemu tambarare. Vituo vikubwa vilivyoundwa kwa kuunganisha mabonde kadhaa vina njia nyembamba za kuvukia, na nyingi kati yake hazina mteremko wa kutosha. Mwanagenzi anayeogopa kasi hupunguza mwendo kabla ya kufika hapo, na ubao ukisimama ndiyo basi. Huinama, akafungua kifungio cha mguu wa nyuma, akasukuma theluji kwa mguu huo hatua kwa hatua huku ule wa mbele ukibaki umefungwa, goti limejipinda upande. Baada ya mita mia mbili jasho humtiririka ndani ya koti, na wenye skii humpita kwa fimbo zao wakimtakia asubuhi njema. Anabaki hapo kama abiria aliyeshushwa daladala kabla ya kituo chake.

Pa pili ni lifti ya kukokota, yaani ile ya kamba inayokuvuta ukiwa umesimama juu ya theluji, kwa sahani ndogo au kwa fimbo yenye umbo la nanga. Imetengenezwa kwa mtu anayeangalia mbele na miguu yote miwili. Mwenye ubao husimama kiubavu, mguu mmoja umefungwa na mwingine umekanyaga katikati ya vifungio, fimbo ikimbana paja moja hadi juu. Akianguka katikati ya mlima inambidi atoke njiani haraka kabla ya anayefuata kumfikia. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, hesabuni kwenye ramani ni lifti ngapi za eneo la wanagenzi ambazo ni za kukokota. Magari ya kebo humfaa mwanagenzi kuliko lifti nyingine zote, kwa kuwa huvua ubao na kuingia nao mkononi. Zinazofuata ni lifti za viti, ambazo ugumu wake uko kwenye kushuka tu.

Kama ni lazima kutaja kituo kimoja, ni kipi?

Kwa kundi lililochanganyika hasa, jibu letu ni Avoriaz, nchini Ufaransa. Kipo kwenye kimo cha mita 1,800, juu ya mji wa Morzine, na ni sehemu ya Portes du Soleil, eneo linalounganisha vituo 12 vya Ufaransa na Uswisi kwa njia zinazokaribia kilomita 600. Hata hivyo, kama tulivyokwisha kusema, si kilomita hizo zinazokipa nafasi ya kwanza.

Avoriaz ilijengwa miaka ya 1960 kwa mpango wa kutoingiza magari. Barabara zake ni theluji iliyosindiliwa, mizigo huchukuliwa kwa sleji zinazokokotwa na farasi au kwa mitambo ya theluji, na mlango wa nyumba nyingi uko hatua chache kutoka njia ya kutelezea. Mwanagenzi aliyechoka saa tano asubuhi hahitaji kusubiri basi wala kuwasumbua wenzake. Hurudi nyumbani mwenyewe, akanywa chai, akarejea mchana akitaka. Faida hii huonekana ndogo kwenye ramani, lakini kwa kundi ndiyo inayoamua kama watu watagombana au la.

Upande wa pili wa kilele, bonde la Lindarets linakidhi sharti la meza ya saa saba. Mtu wa kiwango cha kati huteremka huko kwa njia ya buluu, na mpenda kuruka hupitia The Stash, eneo lililotengenezwa katikati ya miti ambamo vikwazo vya kurukia vimeundwa kwa magogo badala ya chuma, lenye mistari ya viwango mbalimbali. Kuna pia toleo dogo lililokusudiwa watoto na wanaojaribu kwa mara ya kwanza. Mkongwe anayetaka kujipima ana Pas de Chavanette kwenye mpaka wa Uswisi, mteremko uliojaa matuta ambao wengi huuita Ukuta wa Uswisi. Wenzake wasiotaka kuushuka wanaruhusiwa kuteremka kwa lifti ya viti, wakiangalia kutoka juu jinsi mwenzao anavyohangaika.

Kasoro zipo. Majengo yake ya mbao na saruji yaliyosimama wima hayampendezi kila mtu, vyumba vingi ni vidogo, na wakati wa likizo za shule za Ufaransa misongamano kwenye lifti za kuelekea Uswisi huchosha. Atakayevuka mpaka ahakikishe anajua saa ya lifti ya mwisho, kwa sababu kurudi kwa teksi kutoka bonde la pili ni safari ndefu na ghali. Usafiri kutoka uwanja wa ndege wa Geneva huchukua takribani saa mbili hali ya barabara ikiwa nzuri.

Nusu ya kundi letu wanataka viwanja vya kuruka kwa ubao. Je, Laax au Mayrhofen haifai zaidi?

Kwa nusu hiyo, ndiyo. Laax, katika jimbo la Graubünden nchini Uswisi, ndiyo makao ya ubao wa theluji barani Ulaya. Hapo hufanyika mashindano ya Laax Open kila Januari, na mfereji wake mkubwa wa theluji wa kufanyia miruko, wenye umbo la nusu bomba, una urefu wa mita 200 na kuta zinazokaribia mita saba. Viwanja vya kuruka viko kadhaa, vimepangwa kuanzia vya wanaojifunza hadi vya mabingwa, na chini mlimani kuna ukumbi wa ndani ambamo mtu hujifunza kuruka akiangukia sponji kabla ya kuangukia theluji. Eneo zima la Flims, Laax na Falera lina kilomita 224 za njia. Wanagenzi wana nafasi yao, hasa upande wa Flims, ila mlima ni mpana na mikutano ya mchana huhitaji mipango. Tatizo kubwa ni gharama: chakula cha mchana mlimani nchini Uswisi kinaweza kuvuruga bajeti ya mtu ambaye hata mlima wenyewe hajaanza kuufaidi.

Mayrhofen, katika bonde la Zillertal nchini Austria, ni nafuu kuliko Laax, na hufikika kwa treni ndogo ya bonde kutoka Jenbach. Uwanja wake wa kuruka kwenye mlima wa Penken ni miongoni mwa vinavyosifiwa sana, na mlima huohuo una Harakiri, njia nyeusi yenye mwinuko wa asilimia 78. Lakini kijiji kipo kwenye kimo cha mita 630 tu, na milima yake miwili haikuunganishwa. Ahorn ni mpole na mpana, unawafaa wanagenzi. Penken ni wa wazoefu. Asubuhi kundi hugawanyika kwenye vituo viwili vya kebo na huonana tena jioni. Kutoka Penken hakuna njia ya kawaida ya kuteleza hadi kijijini, kwa hiyo kila mtu hurudi kwa kebo, na foleni ya jioni huwa ndefu. Kundi lisilojali kula mchana pamoja litaipenda. Sisi tunaona kwamba mtu aliyesafiri na marafiki zake ana haki ya kuwaona kabla ya giza.

Na Livigno ya Italia?

Livigno ni chaguo letu la pili, na kwa kundi lenye wanagenzi wengi kuliko wakongwe linaweza kuwa la kwanza. Mji upo kwenye kimo cha mita 1,816, katika bonde refu lililonyooka. Chini bondeni kuna miteremko mipana ya kuanzia iliyo karibu kabisa na hoteli, kiasi kwamba wanaojifunza huonekana kutoka mtaani. Juu, upande mmoja kuna Mottolino wenye uwanja maarufu wa kuruka, na upande wa pili kuna Carosello wenye njia ndefu za kati. Mashindano ya ubao wa theluji ya Olimpiki ya Milano Cortina 2026 yalipangiwa hapo, jambo lililoleta uwekezaji katika miundombinu ya mlima. Pande hizo mbili za bonde huunganishwa kwa basi, hazikuunganishwa kwa njia za kuteleza.

Livigno pia ni eneo lisilotozwa ushuru, na bidhaa nyingi, pamoja na vifaa vya michezo, huuzwa kwa bei ya chini kuliko kwingine nchini. Kinachowakatisha watu tamaa ni umbali. Kutoka viwanja vya ndege vya Milano, Zürich au Innsbruck mtakaa njiani saa tatu au zaidi, na anayetokea Uswisi hupita kwenye handaki la Munt la Schera, ambalo lina njia moja tu ya magari na hulipiwa. Jumamosi za msimu wa watu wengi, foleni ya handaki hilo huweza kula asubuhi nzima. Fikeni Jumapili ikiwezekana.

Ni vituo gani vyenye sifa kubwa ambavyo kundi la aina hii lingefaa kuviacha?

Chamonix na St. Anton. Hakuna anayebisha ubora wao, lakini Chamonix ni mkusanyiko wa milima iliyotengana inayofikiwa kwa basi, na sifa yake imejengwa juu ya theluji isiyosindiliwa na miteremko mikali. St. Anton ya Austria ina njia za buluu ambazo kwingine zingepakwa nyekundu. Mkienda huko na mwanagenzi, mmoja wenu atalazimika kujitolea kukaa naye kila siku, na kufikia siku ya tatu kujitolea huko kutakuwa na majina mengine.

Les Deux Alpes ya Ufaransa ni kisa tofauti kidogo. Kwa desturi milima huwa miepesi chini na mikali juu; hapo mambo yamegeuka. Njia rahisi ziko juu kwenye barafuto, yaani barafu kubwa ya kudumu mlimani, karibu na kimo cha mita 3,600, na sehemu iliyo juu tu ya kijiji ndiyo yenye mteremko mkali. Mwanagenzi hufurahia mandhari ambayo kwingine angeyakosa, ilimradi akubali kupanda na kushuka kwa lifti.

Bajeti yetu ni ndogo. Je, Bulgaria inatosha?

Inatosha kwa wanagenzi na watu wa kati. Bansko, chini ya milima ya Pirin, ina walimu wanaosifiwa, na bei za chakula na malazi ziko chini kwa kiasi kikubwa zikilinganishwa na za vituo vya milima ya Alps. Mji uko chini sana kuliko njia zenyewe, na kebo moja ndefu ndiyo inayowapandisha watu, hivyo foleni ya asubuhi ni sehemu ya safari. Anayefika kabla ya saa mbili na nusu hupunguza mateso. Mkongwe ataumaliza mlima mapema na kuanza kurudia njia zilezile.

Twende mwezi gani?

Katikati na mwishoni mwa Januari, baada ya sikukuu, bei hushuka na lifti hazina msongamano, ingawa baridi huwa kali na wanagenzi hukaa chini kwenye theluji muda mwingi. Februari hujaa, kwa sababu likizo za shule za Ufaransa hupangwa kwa kanda na zikiunganishwa na za Uingereza na nchi jirani huchukua karibu mwezi mzima. Sisi tungechagua wiki za mwanzo za Machi kwa vituo vilivyo juu ya mita 1,800: theluji bado ni nyingi, siku ni ndefu, na jua hulainisha uso wa njia, jambo linalopunguza maumivu ya kuanguka. Kwa kijiji kilicho chini kama Mayrhofen, Januari ni salama zaidi.

Je, rafiki mahiri hawezi kumfundisha mwanagenzi?

Anaweza, na kwa kawaida hapo ndipo urafiki hupimwa. Siku mbili za kwanza za ubao ni za kuanguka mfululizo, mbele kwa magoti na nyuma kwa makalio, mpaka mwili uelewe kwamba ukingo mmoja tu wa ubao ndio unaopaswa kugusa theluji. Mwalimu huligawa jambo hilo katika hatua ndogo, rafiki mahiri amekwisha kusahau hatua hizo na husema tu, "Legeza magoti." Lipeni masomo ya kundi ya asubuhi kwa siku tatu angalau, na muulize kama kuna darasa la ubao pekee na lugha inayotumika. Wakongwe wanapata asubuhi zao huru, na mchana wote hukutana.

Mwanagenzi akodi ubao na buti huko huko badala ya kununua, avae suruali isiyopitisha maji, na atafute vikinga vya kifundo cha mkono. Kifundo ndicho kinachoumia zaidi kwa wanaoanza, kwa kuwa mtu anayeanguka huitanguliza mikono bila kufikiri. Aulize pia kama kuna tiketi ya lifti ya wanaoanza. Vituo vingi huuza tiketi ya bei ndogo kwa lifti chache za chini, na vingine havitozi chochote kwenye lifti hizo.

Wakongwe wetu wanataka theluji isiyosindiliwa. Tuwaruhusu?

Watu wazima hawaombi ruhusa, lakini kundi lina haki ya kuweka masharti. Hatari ya maporomoko ya theluji hutangazwa kila siku kwa kipimo cha 1 hadi 5, na ajali nyingi hazisubiri kufika 4. Kila anayetoka nje ya njia awe na kifaa cha kutuma na kupokea mawimbi, koleo na fimbo ndefu ya kudungia theluji, vyote vya kumtafuta aliyefukiwa, ajue kuvitumia, na asiende peke yake. Mwongozaji wa mlima akigawanywa gharama na watu wanne si ghali. Namba ya dharura ni 112 katika nchi zote zilizotajwa hapa.

Bima na sheria zinatofautianaje?

Bima ya kawaida ya safari mara nyingi haihusishi michezo ya theluji, na ile inayoihusisha inaweza kuacha nje kuteleza nje ya njia. Nchini Ufaransa hata kuteremshwa kwa machela na waokoaji kutoka kwenye njia ya kawaida hulipiwa. Ndiyo maana dirisha la tiketi za lifti huuza bima ya ziada ya siku. Italia ni kali zaidi: tangu mwaka 2022 kila anayeteleza lazima awe na bima ya madhara kwa watu wengine, na kuanzia msimu wa 2025/26 kofia ngumu ni lazima kwa watu wa umri wote.

Baadhi yetu tunatoka Nairobi na Dar es Salaam, wengine tunaishi Ulaya. Viza inaathirije uchaguzi?

Ufaransa, Uswisi, Austria, Italia na Bulgaria zote zimo katika eneo la Schengen, kwa hiyo kutua Geneva kisha kwenda Avoriaz, au kutua Zürich kisha kwenda Livigno, hakuhitaji viza mbili. Maombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, si lazima ile mtakayotua. Yanaweza kuwasilishwa miezi sita kabla ya safari na yasichelewe kupita siku 15 kabla yake. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Kwa vile miadi ya Desemba na Januari hujaa mapema, amueni kituo kufikia Septemba, na mchague malazi yanayoruhusu kughairi mpaka wa mwisho wenu apate pasipoti yake mkononi.